Nguzo ya Kahawa Isiyoonekana

Ijumaa mjini Meru, mimi ninayeijua kompyuta hata ikizimwa, nilimkuta binti fundi wa kompyuta akijaribu ukurasa wake wa intaneti unaogeuza kilo za kahawa kuwa mchoro wa nguzo, moja kwa kila kiwanda. Mwenyekiti wa kiwanda chetu alisimama nyuma yake, akikunjakunja kofia. Kesho wakulima wangekuja kuuona, ndipo wapige kura ya kumbakiza au kumtoa.

Picha ilishuka polepole kutoka juu. Nguzo za viwanda vingine zikatokea, yetu hakuna. Karani wa ofisi ya pili akainua simu, inayotumia waya mmoja na intaneti yetu; laini ikakatika, picha ikakwama.

“Binti yangu, kahawa yetu iko wapi?” mwenyekiti akauliza.

“Iko chini, mzee. Nguzo yenu ni fupi, picha haijaifikia.”

Mwenyekiti akapangusa jasho. “Basi karani asisumbuliwe. Aongee tu, hata kesho.”

Nikampelekea karani chai, asichoke kuongea. Kumbe kesho, Jumamosi, haji kazini; hakuna wa kuikata laini.