Jezi Niliyovua Houston

Nilicheza mpira wa Waaustralia, ule wa kudaka na kupiga teke wenye robo nne, kwa miaka tisa hapa Texas, na nikikuambia nilikuwa hodari nitakuwa nakudanganya. Nilikuwa spea. Timu yetu ya Dallas ilikuwa ya madereva wa malori, mafundi na wauguzi kama mimi, na desturi ya ligi hizi ndogo ni kwamba wapinzani wakifika pungufu mnawaazima mtu. Mtu huyo alikuwa mimi. Kocha hata haniulizi. Ananitazama tu, nami navua jezi. Kukataa mbele za watu sikufundishwa kwetu.

Baba alipokuja kututembelea kutoka Nakuru, alikuwa ameshawaambia watu wa kanisani kwake kwamba mwanawe anacheza mpira Marekani. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu wa mtoto wa jicho. Kwa hiyo wiki nzima, nyumbani Grand Prairie, nilimfundisha jinsi ya kunitambua: jezi ya buluu, namba kumi na saba, kubwa mgongoni. Goti langu lilikuwa limekwisha, na nilijua huo ndio msimu wa mwisho. Nilitaka Baba anione mara moja tu, nikiwa na wenzangu.

Tuliendesha gari kwa muda wa saa nne hadi Houston, sisi wawili, yeye amevaa koti na tai katika joto lile. Nikamweka kwenye kiti cha kukunja kando ya uwanja. Kisha nikaona Houston wamefika pungufu.

Kocha akanitazama. Ningesema tu kwamba baba yangu yuko pale, na asingenigusa. Nikavua. Nikavaa jezi ya kijani, na yangu akapewa Mrundi mmoja wa timu yetu, mweusi kama mimi, aliyetoka mbio kazini ghalani bila jezi yake. Mchezo ukaanza kabla sijamfikia Baba.

Robo ya kwanza haijaisha, Mrundi yule akafunga bao. Baba akasimama, akapiga makofi mikono ikiwa juu ya kichwa. Mapumziko yalipofika sikuenda kwake. Niliona aibu, na pia niliiona furaha yake.

Mwisho wa mchezo niliirudisha jezi yangu mwilini, imelowa jasho la mtu mwingine, ndipo nikamwendea.

"Nimekuona," akasema, akinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Nimekuona vizuri kabisa, mwanangu. Mabao matatu!"

Nikasema, "Asante, Baba."

Alifariki kabla ya kufanyiwa upasuaji wa macho. Kwenye mazishi, mzee wa kanisa aliposoma wasifu wake, yale mabao ya Houston yalikuwemo, na waombolezaji wakageuka kunitazama, wakitabasamu huku wanalia. Nikaitikia kwa kichwa. Katika miaka tisa sikuwahi kufunga hata moja.

Lakini si uongo huo unaonikosesha raha. Katika robo ya tatu nilisimama ukingoni mwa uwanja, hatua chache mbele ya kiti chake, nikingoja mpira. Nikasikia anakohoa, nikageuka. Baba alikuwa ameinama upande, akinipungia mkono nisogee, kwa sababu nilikuwa namziba asimwone mwanawe.

Nikasogea.