Kisanduku cha Baba Kilipobaki Kitupu

Baba yangu anashona kanzu na kudarizi kofia kule Muyinga, na kusubiri hakuwezi kabisa. Ukichelewa kuchukua nguo yako atakupigia mpaka uzime simu. Lakini dada yangu, huyo baba alimsubiri, tena kwa ukaidi wa ajabu. Dada aliolewa na mkulima wa Makebuko, Mkristo aliyekulia Tanzania, bila baraka za mzee. Mama akaendelea kuongea naye kwa simu jikoni, na mimi, ninayefanya kazi ya kompyuta Gitega, nikawa naenda kuwatembelea. Baba akagoma. Simu, alisema, ni maneno ya upepo. Binti akitaka radhi, aiombe kwa maandishi.

Basi nilipomnunulia domeni, yaani jina la mtandaoni, ya karakana yake na kumfungulia anuani ya imeli yenye jina lake mwenyewe, neno lake la kwanza lilikuwa, "Bon, mpe dada yako." Nikampa siku hiyohiyo. Kisha mzee akamwita fundi rangi, akaiandikisha anuani juu ya mlango kwa kijani kibichi, na mimi kwa upumbavu wangu nikaiweka kwenye ukurasa wa mtandao.

Wallahi, takataka zilizomiminika kwenye kisanduku chake cha barua! Vidonge vya nguvu, bahati nasibu, wajane wenye mali. Baba akazisoma zote, miwani puani, kwa sababu barua ya binti yake huenda ilikuwa katikati. Na kwa kuwa kwake salamu haiachwi bila jibu, nyingine alizijibu. Mjane mmoja wa ng'ambo aliyetaka kumgawia urithi aliandikiwa kwa Kiswahili: "Pole kwa msiba, mama. Mali ya yatima usiigawe ovyo." Nilicheka hadi nikakaa chini. Halafu nikaogopa, maana mtu mpole namna ile hachelewi kuibiwa.

"Papa, tuweke chujio," nikamwambia. Nikamweleza kwamba ningebadilisha mipangilio kidogo kwenye domeni, ili kila barua ipite kwanza kwa kampuni moja ya nje. Wao wanaikagua. Chafu wanaiweka kando, safi wanatuletea.

Akanitazama, pini zimejaa mdomoni. Akazitoa moja moja.

"Na wakizuia ya dada yako?"

"Anuani yake nimeiweka kwa wale wasioguswa. Hata akikuandikia matusi, itafika."

"Hata matusi?"

"Hata matusi, papa."

"Basi weka."

Nikaweka. Kesho yake kisanduku kilikuwa kimetakata kama ua lililofagiliwa asubuhi, nami nikarudi Gitega nikijisifu njia nzima. Wiki haikuisha akanipigia kazini.

"Chujio yako iko nakula barua."

Nikafungua nikaangalia zilizozuiliwa. Vidonge, bahati nasibu, wajane. Nikaangalia zilizopita: mteja wa Gashoho anaulizia kanzu ya harusi, basi. Ningeweza kumdanganya, na moyo ulinituma nidanganye. Lakini yule mzee ananijua hata nikikohoa.

"Papa, haijala kitu. Hajaandika."

Nilisikia cherehani ya jirani yake ikinguruma, kisha baba akakata simu bila kuaga, yeye anayenigombeza nisipoaga.

Jumamosi nikapanda gari kwenda Muyinga. Nilimkuta kakaa tu, kitambaa mapajani, hashoni. Hakuniuliza nimekula wala nimelalaje.

"Rudisha ile takataka," akasema.

"Takataka? Papa, ulikuwa unalalamika macho yanakuuma!"

"Rudisha. Zikiwa nyingi, mi nilikuwa nasema yake imepotelea humo ndani. Sasa iko kweupe. Sasa mi najua."

Nilimhurumia, na papo hapo hasira zikanipanda, maana mimi ndivyo nilivyo, huruma yangu hutoka kwa kelele. Nikamwambia yeye ana vidole, ana simu, anuani ya dada anaijua, kinachomzuia ni nini?

"Mzazi haanzi," akajibu. "Mtoto ndiye aanze."

Mama alikuwa kizingitini anachambua maharage. Hakuinua hata kichwa.

"Mzee, huyo binti yako alipozaliwa, sauti ya kwanza aliyoisikia duniani ilikuwa ya nani? Si we ulimbeba, ukamwadhinia sikioni? Ulimngoja aanze yeye?"

Baba akavua miwani akaipangusa kwa kile kitambaa cha mteja, akaivaa, akachukua simu. Nikanyoosha mkono nimsaidie kuandika. Akanipiga kofi dogo la vidole. Aliandika mwenyewe, kwa kidole kimoja, polepole, huku mimi na mama tukijifanya tunashughulika na maharage. Alipotuma akanionyesha: "Asalamu alekumu mwanangu. Mi baba yako. Uko mzima?"

Akaenda msikitini kuswali alasiri, simu akaiacha juu ya cherehani. Ikatoa mlio wa barua kabla hajarudi. Mama akanikazia macho, nisiguse. Sikugusa, ingawa mikono iliniwasha.

Alirudi, akaifungua, akatusomea kwa sauti ileile anayosomea vipimo vya wateja. "Walekumu salamu papa. Mi mzima. Nilikuwa naandika, nafuta, naandika, nafuta. Niliogopa utasoma na hutajibu. Papa, naweza kuja?"

Pale kwenye "naweza kuja" alirudia kusoma mara mbili. Mama akaanza kulia waziwazi, na mimi nikamfuata. Baba hakulia. Aligeukia ukutani, akainama juu ya simu, kidole kikatafuta herufi moja baada ya nyingine, muda mrefu kuliko mara ya kwanza. Kisha akanipa niangalie kama ameandika vizuri kabla ya kutuma.

"Njoo," alikuwa ameandika. "Na mkwe wangu umulete."