Mlango Usiofunguka

Pale kliniki walimwita Fundi Meno, kwa sababu kazi yake ilikuwa kutengeneza meno ya bandia katika chumba cha nyuma, katikati ya vumbi la plasta na kelele za mashine ya kusagia. Mkono wake ulikuwa mwepesi, lakini woga ndio ulikuwa ugonjwa wake. Mlango ukigongwa tu, moyo unamruka.

Kwa miezi minane, kila akitoka kazini, alitengeneza mchezo wa kompyuta. Ulikuwa hadithi fupi ya kusoma, yenye picha kama za katuni za Kijapani, wasichana wa macho makubwa na nywele za bluu. Maneno yanapita chini ya picha, na kila baada ya muda mchezaji anaulizwa achague la kufanya. Nusu saa, umekwisha. Hakumwonyesha mtu.

Jumamosi moja asubuhi dada yake mkubwa, mwalimu wa hesabu, alikuja kuchukua cherehani, akaikuta kompyuta iko wazi mezani.

"Nini hiki?"

"Si kitu, dada."

"Si kitu, na kinapiga muziki?" Akavuta kiti, akakaa.

Fundi Meno alichelewa kuizima. Mchezo ule ulimhusu msichana anayekwenda hospitali kumwona mama yake mgonjwa. Mama yao alikuwa amefariki miaka sita iliyopita, na siku ile ya mwisho yeye hakuonekana. Aliwaambia watu gari lilimharibikia njiani. Kumbe alifika hospitali, akasimama nje ya chumba cha mama, akageuka akaondoka.

Dada akaanza kucheza. Mara akachomoa kalamu nyekundu, mazoea ya kazi, akaanza kusahihisha nyuma ya bahasha. Upande mmoja aliandika: picha safi, muziki haupigi kelele, mama anaongea kama mama. Upande wa pili: msichana anajisemesha mno, daktari ametiwa humu bila kazi, maandishi madogo.

"Huyu mama umempatia," alisema. "Hata anavyokunja shuka."

Fundi Meno alikodolea skrini macho. Alijua ukurasa unaokuja.

Katika mchezo, dada akafika mbele ya mlango wa wodi. Akachagua kumuuliza muuguzi, akajikuta nje getini. Akarudia, akachagua kusubiri kwenye benchi. Getini. Akarudia tena.

"Mbona kila nikichagua natupwa nje? Mlango huu haufunguki?"

"Bado sijamaliza."

"Umemaliza. Umeandika Mwisho hapa." Akageuka akamtazama. "Ulikuja siku ile."

Uongo wa miaka sita ulikuwa tayari mdomoni, ukakataa kutoka.

"Nilishika kitasa," alisema, akasubiri kelele.

Dada aliifunika kalamu. "Niliviona viatu vyako kwa chini ya mlango. Nikasubiri uingie. Nilikukasirikia mwaka mzima."

"Mbona hukusema?"

"Nilitaka useme wewe." Akaifunua tena kalamu, akaongeza upande wa pili: mlango haufunguki. "Huo ndio ubovu wenyewe. Hayo mengine madogo. Andika kilichokuwa ndani."

"Sikijui."

"Mimi nakijua."

Hapo ndipo alipoogopa kuliko yote. "Mama aliniulizia?"

"Aliulizia maji. Halafu akauliza kama mvua imenyesha. Hakumtaja mtu, hata mimi niliyemshika mkono."

Fundi Meno hakujua acheke au alie. Akaivuta kompyuta.

"Polepole, dada. Naogopa."

"Ogopa, lakini andika."

Wakaandika mpaka mchana: dirisha, glasi, sauti inayouliza habari za mvua. Mara mbili aliomba wapumzike, na mara mbili dada alimngoja.

Mchezo ukawa wa dakika thelathini na tano. Waliopewa waucheze walisema daktari bado hana kazi. Fundi Meno mwenyewe hajawahi kuuchagua ule mlango. Akitaka kujua kama unafanya kazi, humwita dada yake aje abonyeze, naye husimama jikoni mpaka aambiwe tayari.