Presha ya Ondieki

Siku yangu ya kwanza kazini, sista mkuu alinifunga mkanda wa presha mkononi mwangu mwenyewe, akaujaza upepo mpaka vidole vikafa ganzi. "Mashine haidanganyi," aliniambia. "Wagonjwa ndio wanaodanganya, hasa walevi." Nilimwamini kupita kiasi.

Baada ya kufanya kazi Nyamira mjini nilihamishiwa dispensari moja upande wa Itumbe, kwa wakulima wa majani chai. Huko nilikuwa nikiwapima ndugu wawili, Makori na Ondieki. Kila Jumapili walikaa na wazee wenzao kuzunguka chungu kimoja cha pombe ya busaa, kila mtu na mrija wake mrefu, kwa hivyo hakuna aliyejua mwenzake amevuta kiasi gani. Makori alikunywa mpaka akashikwa mkono kupelekwa nyumbani, na presha yake ilikuwa 120 kwa 80. Ya Ondieki ilifika 180 kwa 110.

"Sista, mimi navuta kidogo tu, halafu naweka mrija chini," alisema.

"Ndugu yako anamaliza chungu na yuko sawa. Wewe unanipa hadithi?"

Nikaandika kitabuni mwake: anakunywa kwa siri. Mkewe Kerubo, Msabato wa kweli asiyegusa pombe, alikuwa kwenye benchi nje. Nikamwita nikamwambia, jambo ambalo muuguzi hana ruhusa ya kulifanya. Wiki hiyo hiyo alifunga virago, akarudi na watoto kwao Ogembo.

Kisha tukaletewa daktari msimamizi mpya. Alisoma kitabu kile akaniita.

"Sista, ulimwona akinywa kwa siri?"

"Hapana, daktari. Lakini ndugu yake..."

"Ndugu yake sijamuuliza."

Akanieleza kwamba pombe haipandishi presha ya kila mtu sawasawa. Kuna anayekunywa sana na mashine isionyeshe kitu, ingawa ini lake linaharibika. Na kuna ambaye kidogo tu kinamtosha. Akamwachisha Ondieki pombe kabisa. Baada ya mwezi presha ilishuka, dawa zikiwa zile zile.

"Sista, sasa nenda umwambie Kerubo," Ondieki aliniomba. Nikakubali. Sikwenda. Niliona haya, mtu mzima na sare yangu, kwenda kwa wakwe wa watu kusema nimekosea. Kila wiki nilipata kisingizio.

Upweke ukamrudisha Ondieki kwenye chungu. Makori alimwambia kidogo hakijawahi kuua mtu. Kesho yake Ondieki alipata kiharusi akiwa peke yake ndani ya nyumba. Majirani walimkuta siku ya pili, amekwisha kufa.

Sasa nimestaafu, niko Sironga na ng'ombe wangu wawili. Vijana wauguzi huja kuniuliza kazi ilikuwaje, nami nawaambia wampime aliye mbele yao na wafunge midomo. Lakini kinachonitesa ni siku ya mazishi. Nilimvuta Kerubo kando ya migomba, nikamwambia kwamba mumewe hakuwa amedanganya.

"Najua," alisema. "Alinipigia simu akaniambia utakuja kunieleza. Nilikuwa nakungoja."