Kilumi Kutoka Ufini

Siku ya soko Mutomo, duka la kanda lilikuwa likinguruma kama lori lililokwama mchangani. Mzee mmoja wa kanisa akaingia mbio, Biblia kwapani, kidole juu.

"Zima hiyo kilumi! Hayo mapepo tulishayafukuza hapa!"

Kilumi ni ngoma yetu ya mapepo, na Mkamba aliyeokoka haigusi.

"Pole mzee, hii si kilumi," mwenye duka akasema. "Ni vijana wa Ufini, albamu yao ya kwanza. Ameniachia yule nesi mzungu wa misheni. Wamechukua nyimbo za nyanya zao, wakaongeza gitaa za umeme."

"Ni ya wazungu?"

Kidole kikashuka. Mguu ukaanza kugonga sakafu, halafu mabega yakatikisika, na kutikisika kwenyewe kulikuwa kule kule kwa kilumi.

"Si ungesema mapema? Ongeza sauti kidogo."

Nikaona kumbe hata pepo likiwa na pasipoti hukaribishwa kiti.

Mlangoni, nyanya muuza pojo alikuwa amejishika mbavu kwa kicheko.

"Ngoma yangu aliichoma huyu huyu," akaniambia. "Kumbe ilikosa umeme tu."