Gari Halijapita

Kwa miaka mingi niliyokaa Suma, kijijini kwa mume wangu, umeme ulikuwa unakuja kwa barabara. Mtu wa mjini atanicheka, lakini sisi ndivyo tulivyouona. Mvua ikipiga sana, upepo ukiangusha kitu huko kwenye migomba, taa zinazima. Siku hiyo au kesho yake gari la watu wa umeme linapanda, ngazi juu, linapita mbele ya nyumba yetu. Kwenye nguzo ya njia panda fundi anashuka na fimbo yake ndefu, anatenganisha waya, kisha wanakwenda kutafuta palipoharibika. Wakimaliza wanarudi kwenye nguzo ileile, fimbo inapanda tena, taa zinawaka, gari linateremka kuelekea Tukuyu. Hata mtoto wa chekechea alijua: gari likiwa halijapita kurudi, waya umelala.

Na waya ukilala, watu wanapanda miti. Ile laini kubwa inapita juu ya pembe za mashamba yetu, na chini yake kuna miparachichi, mianzi na migomba, na kwa mvua za kwetu kila kitu kinakua kwa fujo. Wale vijana wanaotumwa kusafisha njia ya waya wanakuja na misumeno ya mashine. Hawana huruma. Mparachichi uliokulelea watoto wanaukata kiunoni, wanakuachia kisiki na pole. Ndiyo maana kila mwenye mti aliona afadhali apunguze matawi mwenyewe, kwa adabu, siku taa zimezima. Kwetu umeme ukikatika husikii kwanza watu wakilalamika. Unasikia mapanga.

Mama mkwe wangu alikuwa na maneno yake ya siku hizo. Mtu akiuliza kama ni salama kupanda, anajibu bila hata kuinua kichwa kwenye maharage yake: "Gali halijapita." Kwa Kiswahili chake chenye Kinyakyusa ndani, gari ni gali na barabara ni balabala, na hakuna aliyewahi kupata shida kwa kumsikiliza.

Sasa nimseme baba mkwe, maana habari yenyewe ni yake. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mke wa mtoto na baba mkwe hawatazamani. Hawaongei, hawapishani njiani. Mimi nilizaliwa Tukuyu mjini, karibu na soko, na kwetu hayo yalikuwa maneno ya bibi tu. Nilipoolewa nikakuta mzee huyu bado anayashika. Mwanzoni nilikasirika kwelikweli, nikadhani ananidharau. Mume wangu akanicheka. "Asingekuheshimu angekusalimia," akasema.

Tukaishi hivyo. Nikitoka kuteka maji nikamsikia anakohoa, najibanza nyuma ya mgomba. Yeye akiniona kwa mbali anaacha njia, anaingia kwenye shamba la chai hata kama kuna umande wa kulowesha suruali. Nikiwa na neno la kumfikishia na hakuna mtu mwingine nyumbani, nasimama kwenye kona ya banda na kumwambia ng'ombe: "Wewe ng'ombe, chakula kipo mezani." Mzee anakohoa, maana yake amesikia, nami naondoka. Ng'ombe yule alipewa habari nyingi kuliko mwenyekiti wa kitongoji. Na nisidanganye, nilimpenda mzee yule. Alikuwa akiniwekea parachichi zilizokomaa vizuri kwenye jiwe la mlangoni, kisha anakwenda zake kabla sijatoka.

Halafu likaja lile sanduku. Ni la kijivu, limefungwa juu ya nguzo ya njia panda, na pembeni yake kuna antena fupi nyeusi. Waliolifunga walikuwa na mhandisi wa kike, dada mdogo mwenye kofia ngumu na buti kubwa kumzidi, mchangamfu sana. Tukaitwa kwenye banda la kupimia majani ya chai tuelezwe. Wazee walikaa mbele kwenye mabenchi, baba mkwe wangu kati yao, na sisi wanawake tulikaa nyuma kwenye nyasi. Yule dada alianza kwa Kiswahili cha mwendo kasi, akaona wazee wanaitikia tu kwa kichwa, akajua hawaambulii kitu. Akanitazama mimi, kwa kuwa nilikuwa nimemuuliza swali.

"Dada, wewe umenielewa. Njoo hapa mbele, uwaambie wazee kwa lugha yao."

Nikainuka. Nilipofika mbele tu, baba mkwe wangu akavuta kofia mpaka kwenye nyusi, akachukua fimbo yake, akatoka. Hakutoka kwa hasira, alitoka kwa heshima, na kila mtu pale alilijua hilo. Bibi mmoja akanong'ona, "Ndaga," yaani asante, kama mtu aliyeona jambo jema likitendwa bado duniani.

Kwa hiyo hakusikia. Nilieleza kwa Kinyakyusa, taratibu, kwamba aliyekuwa anakuja kuwasha haji tena. Sanduku hili lina laini ya simu ndani yake, kama simu zenu. Mtu anakaa Mbeya mbele ya kompyuta, anabonyeza, na hapa panawaka. Msiguse kitu chochote kilicho karibu na waya, hata taa zikiwa zimezima kutwa nzima, kwa sababu gari halitapita. Wazee wakaguna. Na mwenye mparachichi mkubwa kuliko wote chini ya laini ile alikuwa kule kwenye mikaratusi, ametupa mgongo, anasubiri mkwe wake amalize.

Mume wangu alimweleza jioni hiyohiyo, na akarudia siku nyingine. Mzee akamwuliza umeme utafikaje kama gari halijafika. Na kwa bahati mbaya, miezi ya kwanza alikuwa na haki ya kuuliza. Mtandao wa simu kwenye vilima vyetu unakuja na kuondoka utakavyo, kwa hiyo gari liliendelea kupanda na fimbo iliendelea kufanya kazi. Mzee akaona ameshinda.

Siku sanduku lilipoanza kazi yake nilikuwa jikoni na mama mkwe. Taa zilikuwa zimezima tangu asubuhi, barabara nyeupe, hakuna hata pikipiki. Ghafla redio ikaanza kuimba sebuleni peke yake, kwaya, kwa sauti kubwa. Mama mkwe akaweka mwiko chini. Akatoka mpaka barabarani, akatazama juu, akatazama chini.

"Gali halijapita," akasema. Mara hii alikuwa anauliza. Mimi mwili ulinisisimka, na siwezi kusema ni kwa nini, kwa sababu nilikuwa najua kilichotokea kuliko mtu yeyote pale.

Tangu hapo nikawa namwogopa mtu wa Mbeya. Nilijua hana ubaya. Pengine ana watoto, anakunywa chai yake ya saa nne. Lakini alikuwa anaingia kwangu bila hodi. Na lile sanduku lenyewe nililichukia zaidi siku jani la mgomba lilipogusa waya baada ya mvua. Ulipiga mlio, taa zikazima. Kidogo tu, zikawaka zenyewe. Mlio tena, zikazima. Zikawaka tena. Yule dada wa kofia ngumu alikuwa ametuambia hili kwa fahari: likihisi kitu kwenye waya linazima, linasubiri kidogo, linajaribu tena, maana mara nyingi kitu chenyewe kinakuwa kimeshadondoka. Nilisimama uani nanusa jani bichi likiungua. Jioni nikamwambia mume wangu kwamba lile sanduku halijui jani wala mkono. Akaniambia niache kuita mabaya nyumbani.

Siku yenyewe ilikuwa ya ukungu. Mume wangu alikuwa Tukuyu kuonana na mnunuzi wa parachichi, mama mkwe alikuwa kanisani kwa akina mama. Umeme ulikuwa umezima tangu alfajiri. Nilikuwa nachambua mboga mlangoni, nikasikia panga upande wa chini wa shamba, taratibu, la mtu asiye na haraka. Nikaendelea na mboga zangu. Nilikuwa nimelizoea panga lile miaka yote, na masikio hayashtuki kwa kitu yalichokizoea.

Simu ikalia. Mita yetu mpya imesajiliwa kwa namba yangu, kwa hiyo ujumbe huja kwangu. "Ndugu mteja, umeme utarejea katika eneo lako muda mfupi ujao. Tunashukuru kwa uvumilivu wako." Nikausoma. Panga likapiga tena kule chini, na mboga zikanimwagika.

Nilikimbia. Mzee alikuwa juu ya mparachichi, upande wa shina usioelekea waya, amenyoosha mkono anakata tawi refu linaloelekea huko. Nilipofika kona ya banda miguu ikasimama yenyewe, pale pale inaposimama siku zote. Naapa sikuiamuru. Nikageukia banda nikapiga kelele:

"Wewe ng'ombe! Umeme unarudi! Unarudi sasa hivi!"

Akakohoa. Panga likaendelea; kwake gari lilikuwa halijapita.

Nikarudia kwa sauti ya kupasua koo. Hapo akaacha kukata, nikashukuru Mungu, mapema mno. Njia ya kwenda mtoni inapita chini ya mti ule. Mzee alisikia kelele za mkwe wake, akaona mkwe amesimama njiani, akadhani nataka kupita. Akafanya alichokifanya miaka yote: akanipisha. Alizunguka shina polepole, akishika tawi baada ya tawi, ili ajifiche nyuma yake nisimwone. Nyuma ya shina ndiko uliko waya.

Nilimwona mgongo. Niliona mkono wake ukipapasa tawi refu, lile lenyewe lililokuwa limemfanya apande, na ncha yake ikicheza karibu na waya. Alikuwa anakwenda kufa kwa kuniheshimu. Niliingiwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo, juu yake, juu ya bibi aliyesema ndaga, juu ya mtu wa Mbeya na uvumilivu wake.

Nikaenda mpaka chini ya mti. Nikazunguka nikasimama upande wake, nikainua uso, nikamtazama, nikamwita baba kwa Kinyakyusa.

"Tata! Shuka! Shuka chini, tata!"

Akanitazama. Ana jicho moja lenye ukungu, la kushoto. Miaka yote ile nilikuwa sijui. Alibaki kama mtu aliyepigwa, kisha panga likamtoka mkononi likaanguka kwenye majani, na yeye akaanza kuteremka, haraka kuliko umri wake, magoti yakikwaruzwa na gome. Akafika chini, akasimama mbele yangu, anahema.

"Nani amekufa?" akaniuliza.

Aliuliza kweli, macho yamemtoka. Kwake hakukuwa na sababu nyingine duniani ya mimi kumwita. Alikuwa anangoja nimtajie mwanawe.

"Hakuna, tata," nikasema. "Bado."

Sijui alielewa nini. Tawi alilolikata nusu, sasa halina mtu wa kulishika, likainama, likalia, likalalia waya. Tulikaa tunalitazama wote wawili. Kwa muda hakukuwa na chochote, ukungu tu na matone. Nikafikiri pengine nimefanya fedheha bure, na jioni nitaambiwa niondoke. Halafu waya ukapiga. Moto mweupe ulikimbia kwenye tawi, majani yakaruka, kukawa kimya. Mzee akapumua. Akapiga hatua kwenda kuokota panga lake, nikamshika mkono. Nilimshika mkono baba mkwe wangu, nikamvuta, nikamwambia bado. Ukapiga tena. Ukangoja. Ukapiga tena, na tawi likawaka upande mmoja kama kuni kavu, kisha likadondoka pale pale alipokuwa anataka kuinama.

Hatukuondoka upesi. Yeye alikaa chini kwenye majani mabichi, mimi nikakaa mbali kidogo, nimempa ubavu, kwa sababu sikujua tena nikaeje. Nilikuwa nalia na sikuficha. Mwisho akaongea, anatazama mtoni.

"Yule mtu wa Mbeya, alikuwa ananiona?"

"Hapana, tata. Hakuoni. Anaona alama tu kwenye kompyuta."

Akapangusa vipande vya gome magotini. "Wewe hukutakiwa kunitazama," akasema, "ukanitazama."

Nikaitikia ndiyo.

"Basi mwambie na yeye atazame."

Nikasema nitamwambia. Akakohoa, akainuka, akaenda zake kwa njia ya chini ili nisilazimike kupishana naye. Nilibaki na simu mkononi, ule ujumbe bado uko wazi. Nikabonyeza ile namba iliyoutuma nipige, nikaambiwa haipokei simu.