Waliokuwa Wakinywa Chemchemi Yetu

Nilifika kwa shangazi yangu, kijijini Manga, nikikusudia kulala siku mbili. Niliacha shule darasa la sita, na tangu hapo sijakaa mahali hadi viatu vikauke. Lakini chini ya shamba lake la chai nilikuta ugomvi, na ugomvi mzuri hunishika kuliko kazi.

Chemchemi ya kijiji ilikuwa inakauka. Jirani, mama Mkatoliki, aliwajua wenye makosa.

"Ni nyinyi Wasabato," alimwambia shangazi. "Ijumaa mnateka ya siku mbili ili Sabato msibebe ndoo. Nyinyi mnapumzika, sisi tunakauka!"

"Na nyinyi mnaofua kila siku kama hospitali?"

Nilichonga alama kwenye kijiti, nikakisimika majini. Jumamosi Wasabato walikwenda kanisani, na Wakatoliki wakaenda mazishini ng'ambo ya kilima. Hakuna aliyeteka hata kikombe. Nilikitazama kile kijiti kutwa nzima. Maji hayakupanda hata alama moja.

Basi kulikuwa na mnywaji mwingine. Nilichimba tope pale maji yanapotokea, nikakuta mizizi minene kama mkono wangu. Niliifuata kwa jembe hadi kwenye mikaratusi ya shangazi, aliyoipanda bondeni kama kila mtu kwetu, maana huko hukua upesi.

"Shangazi," nikasema, "Wakatoliki wako ni hawa."

Hakucheka. Miti ile ilikuwa paa la nyumba yake mpya. "Bado myembamba. Nikiikata sasa nitaezeka kwa nini, maji?"

"Na bila maji utapika nini humo ndani?" jirani akauliza, akicheka.

Alicheka mapema mno. Mizizi mingine ilielekea kwenye mikaratusi yake, na shangazi ndiye aliyeiona kwanza.

Walinuniana wiki nzima, kisha wote wawili wakakata. Lakini mkaratusi uliokatwa huchipuka tena, kwa hiyo ilibidi visiki ving'olewe.

"Wewe mwenye kijiti," walisema kwa pamoja, mara ya kwanza kukubaliana tangu niwafahamu, "visiki ni vyako."

Leo maji yamefika alama ya pili. Paa kuukuu la shangazi linavuja juu ya kitanda changu. Miti mingine ameipanda, safari hii huko juu, karibu na barabara. Nimebakiza visiki vinne, na viatu vyangu vimekauka kabisa.